Shajara ya mradi: mkusanyiko wa insha za uhakiki kuhusu riwaya za distopia za vijana

13 Januari 2025: Mipaka ya kazi

Lengo ni insha saba za uhakiki kwa Kiswahili kuhusu riwaya za distopia, yaani za jamii ya kubuni iliyoharibika, kila moja maneno 3,000 hivi, kwa wanafunzi wa sekondari ya juu na vyuo pamoja na walimu wao. Shajara inawekwa wazi ili anayetaka kuandaa mkusanyiko wa aina hii ajue mapema panapokwama.

Kitabu kinaingia kwa masharti matatu: kiwe kimeandikwa kwa vijana, mhusika mkuu awe na umri wa chini ya miaka 19, na kuwe na mamlaka inayoendesha watu kwa kanuni ambazo msomaji anaweza kuzitaja moja moja. Sharti la tatu ndilo lililokata vingi. Riwaya ambamo dunia imeharibika tu na watu wanahangaika kutafuta maji haikuingia, hata kama ni nzuri, kwa sababu haina mtunga sheria wa kuhojiwa.

Vilivyobaki ni *The Giver* ya Lois Lowry (1993), *Noughts & Crosses* ya Malorie Blackman (2001), *Unwind* ya Neal Shusterman (2007), vitabu vitatu vya *The Hunger Games* vya Suzanne Collins (2008–2010), *Matched* ya Ally Condie (2010), *Delirium* ya Lauren Oliver (2011), vitabu vitatu vya *Divergent* vya Veronica Roth (2011–2013) na *The Marrow Thieves* ya Cherie Dimaline (2017). *Battle Royale* ya Koushun Takami (1999) imeachwa nje ingawa wahusika wake ni wanafunzi, maana haikuandikwa kama kitabu cha vijana. Ikitajwa, itatajwa kwa kulinganisha tu.

10 Februari: Kadi za usomaji, na kwa nini za kwanza zilitupwa

Kadi za kwanza zilipangwa kwa dhamira: uhuru, mamlaka, mapenzi, utambulisho, matabaka. Zilipojaribiwa kwenye *The Giver* na *Divergent*, rundo la "mamlaka" lilifurika na mengine yakabaki karibu matupu. Sababu iko wazi ukiitazama kadi yenyewe. Neno "mamlaka" linaweza kubandikwa kwenye ukurasa wowote wa riwaya yoyote ya aina hii, kwa hiyo halisemi lolote kuhusu ukurasa ule. Insha inayozaliwa na kadi hizo hujaa sentensi kama "mwandishi anaonyesha jinsi mamlaka yanavyowakandamiza vijana", dai ambalo hakuna mtu timamu atakayelipinga. Kama halipingiki, kulitetea kwa maneno 3,000 ni kupoteza karatasi.

Kadi mpya ina sehemu nne: kanuni inasemaje hasa, nani anaitekeleza kwa mikono yake, nani anafaidika na kwa kiasi gani, na anayekataa anafanywa nini.

Mfano kutoka *The Giver*. Kanuni: wakizaliwa mapacha wanaofanana, mwenye uzito mdogo "anaachiliwa". Mtekelezaji: baba yake Jonas (mvulana ambaye ndiye mhusika mkuu), mlezi wa vichanga, mtu mpole wa nyumba ile. Jonas anaangalia mkanda na kumwona baba akiingiza sindano kwenye mshipa wa paji la uso la mtoto, kisha akiutia mwili kwenye boksi na kuutupa kwenye tundu la taka huku akiuaga kwa sauti ya kubembeleza, ileile anayoitumia nyumbani. Kadi ya dhamira ilikuwa imeandika "ukatili wa dola" na kupita. Sehemu ya pili ya kadi mpya ndiyo iliyotusimamisha kwenye ile sauti, na insha nzima ya *The Giver* sasa imejengwa juu yake.

Jambo dogo lililokula muda mwingi: marejeo. Kadi za awali zilitumia namba za kurasa, lakini wasomaji wetu walikuwa na matoleo tofauti ya jalada gumu, jalada laini na ya kielektroniki, na kurasa hazikulingana hata kidogo. Zote zimeandikwa upya kwa namba za sura. Sura hazibadiliki: *The Hunger Games* ina sura 27 katika sehemu tatu, toleo lolote ulilonalo. Anayeanza mradi kama huu aanze na sura tangu kadi ya kwanza.

3 Machi: Insha ya kura

Hii ndiyo insha ya kwanza kukamilika, na ndiyo iliyofanyiwa ukarabati mkubwa kuliko zote.

Kanuni ya kura katika *The Hunger Games*, kura inayochagua vijana wa kupelekwa uwanjani kuuana mbele ya kamera, imeelezwa katika sura ya 1. Kijana akifika miaka 12 jina lake linaingia mara moja, miaka 13 mara mbili, na kuendelea hadi mara saba akiwa na 18. Familia maskini inaruhusiwa kuongeza karatasi kwa kuchukua tessera: kila tessera ni nafaka na mafuta kiduchu ya mwaka mmoja kwa mtu mmoja, na bei yake ni karatasi moja zaidi kwenye kura. Karatasi hizo hazifutwi. Za mwaka huu zinajumlishwa na za miaka iliyopita.

Hesabu ya Katniss, mhusika mkuu: kila mwaka karatasi moja ya lazima na tatu za tessera (yeye, mama na mdogo wake Prim), jumla 4. Tangu miaka 12 hadi 16 ni miaka mitano, kwa hiyo 20. Rafiki yake Gale ana miaka 18 na analisha watu watano: 1 jumlisha 5 ni 6 kwa mwaka, mara miaka saba ni 42. Namba zote mbili zimo kitabuni, na zinakubaliana na kanuni. Jambo hilo linafaa kukaguliwa kila mara, kwa kuwa waandishi si wahasibu. Gale mwenyewe anamrushia Madge, binti wa meya, hesabu hiyohiyo: yeye Madge atakuwa na tano, wakati Gale alikuwa na sita akiwa na miaka 12 tu.

Rasimu iliharibika sehemu tatu.

Kwanza, iliweka asilimia. Ilisema Katniss ana uwezekano wa kuchaguliwa wa kiasi fulani, bila kutambua kwamba kitabu hakitaji idadi kamili ya karatasi zilizomo. Kinasema ni maelfu, basi. Bila idadi hiyo hakuna asilimia, na namba zilizowekwa zilikuwa za kubuni. Zimefutwa. Kinachoruhusiwa ni uwiano: Katniss ana karatasi mara nne ya Madge (20 kwa 5), na Gale ana mara sita ya kijana wa rika lake asiyechukua tessera (42 kwa 7).

Pili, ilimlinganisha Gale na Katniss kana kwamba wanashindana. Kuna vyombo viwili vya kioo, cha wasichana na cha wavulana. Karatasi 42 za Gale haziongezi wala kupunguza hatari ya Katniss. Kosa hili limo katika insha nyingi za wanafunzi, na msomaji makini akilikuta katika aya ya kwanza anafunga kitabu.

Tatu, na hili ndilo lililouma. Hoja ilikuwa kwamba kura inajifanya ya haki ilhali inawatoza maskini kwa njaa yao. Kweli kabisa. Lakini anayetajwa siku ile ni Prim, mwenye karatasi moja tu. Rasimu ilipita hapo kimyakimya, na msomaji wetu wa ndani akauliza swali moja pembeni: "Kama kura inawalenga maskini, mbona imemchukua aliye na karatasi chache kuliko wote?"

Jibu lilibadilisha insha. Kura isiyo na uwezekano wa kumpata Prim haitafaa kitu kwa Capitol, mji mkuu unaotawala wilaya. Ikichukua walio na tessera peke yao, wenye nafuu watalala usingizi na maskini watakuwa na adui mmoja wa wazi. Ikiwachukua wengi wao maskini na mara mojamoja mtoto wa karatasi moja, kila nyumba inaogopa, na bado Gale na Madge wanabaki wakitazamana kwa kijicho juu ya 6 na 5. Gale mwenyewe analijua hilo: akiwa msituni anasema tessera ni njia ya kuwagawa wenye njaa na wenye chakula. Kwa hiyo insha sasa inaanzia kwa Prim na kurudi nyuma kwenye tessera. Gharama: karibu nusu ya rasimu ilitupwa, pamoja na utangulizi mzima uliokuwa umenyooka vizuri.

24 Machi: Insha ya televisheni yabomolewa na kitabu kipya

Tarehe 18 Machi kilitoka *Sunrise on the Reaping*, ambamo Collins anasimulia Michezo ya 50, ile ya vijana 48 badala ya 24, ambayo Haymitch, mkufunzi wa Katniss, aliishinda. Insha ya televisheni ilikuwa imekwisha. Sehemu yake ya katikati ilitegemea *Catching Fire*, kitabu cha pili, pale Katniss na Peeta, mvulana wa wilaya yake, wanapoangalia mkanda wa michezo hiyo ndani ya treni: Haymitch anagundua ukuta wa nguvu ukingoni mwa uwanja, shoka linarushwa, linadunda na kurudi kwa mwenyewe.

Kitabu kipya kinaonyesha kuwa mkanda ule ulihaririwa, na mambo mengi yaliyofanyika uwanjani yaliondolewa. Rasimu ilikuwa imeutumia mkanda kama ushahidi wa kilichotokea.

Tulifikiria kuweka tanbihi na kuendelea. Haikuwezekana, maana insha yenyewe ilikuwa inalalamikia watazamaji wanaoamini wanachoonyeshwa. Marekebisho: kila tukio limewekewa alama ya "limeonyeshwa" au "limetokea", na panapojulikana kimoja tu, insha inasema hivyo. Theluthi moja ya maneno ilikwenda. Kwa upande mwingine insha imepata kitu ambacho haikuwa nacho, kwa sababu sasa msomaji wa *Catching Fire* wa mwaka 2009 naye anahesabiwa miongoni mwa watazamaji waliodanganywa.

Kanuni ya kudumu kwa mradi: kila dai kuhusu mfululizo linataja ni la kitabu cha ngapi. Kanuni hiyo mara moja ilitatua ugomvi mwingine. Insha mbili zilikuwa zinapingana kama Jonas anakufa mwishoni mwa *The Giver*. Kwa kitabu chenyewe, mwisho uko wazi. Kwa *Son* (2012), kitabu cha nne, yuko hai. Insha zote mbili ziko sahihi, mradi kila moja iseme inasoma nini.

7 Aprili: Filamu imevuja ndani ya insha

Katika ukaguzi wa nukuu lilionekana tukio la Rais Snow, mtawala wa nchi, akimweleza Seneca Crane, mwendeshaji mkuu wa Michezo, kuhusu matumaini. Halimo katika riwaya ya kwanza. Ni la filamu ya 2012. Vilevile pini ya ndege: kitabuni Katniss anapewa na Madge, kwenye filamu anaipata sokoni na kumpa mdogo wake. Rasimu ilikuwa na masimulizi ya filamu juu ya hoja ya kitabu, na hoja ilihusu Madge!

Hii si ajali ndogo kwa riwaya hii. Katniss anasimulia kwa nafsi ya kwanza na wakati uliopo, kwa hiyo ndani ya uwanja hajui watazamaji wanaona nini. Anakisia tu, na kukisia huko ndiko kunakomfanya aigize mbele ya kamera asizoziona. Filamu inatupeleka chumba cha waendeshaji na kukata fumbo hilo. Anayechanganya hivi viwili anapoteza hasa kitu ambacho insha inakitafuta.

Tiba: anayekagua nukuu hashiki rasimu kwanza. Anafungua sura iliyotajwa, anatafuta tukio, kisha ndiyo anarudi kwenye insha. Ukianza na rasimu, kumbukumbu ya filamu inakusaidia kuona kisichokuwapo.

28 Aprili: Insha ya *Divergent*

Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba kitabu kinachopinga kuwagawa watu kwa tabia kinamfurahisha msomaji kwa kumfanya ajiulize angekuwa kundi gani. Ni hoja nzuri. Bahati mbaya Balaka Basu alishaiandika katika mkusanyiko wa insha wa 2013 aliouhariri pamoja na Katherine R. Broad na Carrie Hintz, na ameiandika vizuri. Tuliikuta wakati rasimu imeshaiva. Somo la kiutaratibu: utafutaji wa uhakiki uliopo ufanywe baada ya kadi na kabla ya rasimu.

Kilichookoa insha ni sehemu ya kwanza ya kadi. Kanuni inasemaje hasa? Kijana wa miaka 16 anapimwa, lakini matokeo hayamfungi. Siku ya pili anachagua mwenyewe hadharani. Anajikata mkono kwa kisu na kudondosha damu kwenye bakuli moja kati ya matano, kila moja la kundi lake: mawe kwa Abnegation, maji kwa Erudite, udongo kwa Amity, makaa ya moto kwa Dauntless, kioo kwa Candor. Wazazi wanatazama. Hakuna kurudi. Dola hii haimlazimishi mtu kuingia kundi. Inamfanya achague mwenyewe katika umri ule, mbele ya watu wale, kisha inamwambia: umechagua. Insha inahusu hilo, na jinsi *Allegiant* (2013) inavyolizima kwa kuleta maelezo ya vinasaba, kana kwamba jibu lilikuwa kwenye damu tangu mwanzo. Kwa maoni yetu kitabu cha tatu ni dhaifu hapa, na insha inalisema bila kuzunguka.

12 Mei: *Unwind*

Rasimu ya kwanza iligeuka mjadala wa utoaji mimba. Riwaya inaukaribisha mjadala huo: baada ya vita, sheria inalinda uhai tangu mimba hadi miaka 13, halafu kati ya 13 na 18 wazazi wanaweza kuamuru mtoto "agawanywe" viungo vitumike kwingine, kwa madai kwamba hajafa. Lakini aya baada ya aya kitabu kilipotea na msimamo wa mwandishi wa insha ukabaki.

Tulirudi kwenye karatasi. Amri ya kugawanywa husainiwa nakala tatu: nyeupe imeshapelekwa, ya njano inakwenda na mtoto, ya waridi inabaki kwa wazazi. Ukiifuata kila nakala inakokwenda, unaona nani anaweza kusema hakuhusika. Insha ilijiandika upya kutoka hapo hadi chumba cha upasuaji, ambako sheria inataka kijana awe na fahamu muda wote na madaktari wanaongea naye kwa adabu. Shusterman haonyeshi tone la damu. Anaandika mazungumzo, na majibu ya kijana yanazidi kuwa mafupi.

26 Mei: Insha ya mapenzi imefutwa

Insha ya "pembe tatu ya mapenzi" haitakuwamo. Imeshindikana. Ilianza na Katniss, Peeta na Gale, na kila ilipofika katikati iligeuka kura ya maoni: nani alimfaa zaidi. Ilikosa kanuni ya kuichambua.

Kanuni zilikuwa kwenye vitabu vilivyowekwa pembeni. Katika *Delirium* mapenzi ni ugonjwa unaotibiwa kwa upasuaji mtu akifika miaka 18. Katika *Matched* jamii inamchagulia kijana mwenzi akiwa na miaka 17. Mapenzi ya Katniss na Peeta nayo yanafaa kusomwa hivyo: yanaleta zawadi za wafadhili uwanjani, na yanasababisha kanuni ibadilishwe ili washindi wawe wawili wa wilaya moja. Maneno 900 yaliyopona yamehamia kwenye insha ya televisheni. Mkusanyiko sasa ni wa insha sita.

16 Juni: Insha ya rangi na historia

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na bado haijatulia. Rasimu ya kwanza ilifanya muhtasari wa fumbo: katika *Noughts & Crosses* weusi ndio watawala na weupe ndio wanaotawaliwa, kwa hiyo kitabu kinahusu ubaguzi. Msomaji analijua hilo kutoka nyuma ya jalada.

Kilichosaidia ni plasta. Msichana mweupe amejiumiza, na plasta aliyobandika ni ya kahawia iliyokoza inayomwonekana waziwazi, kwa sababu haziuzwi za rangi nyingine. Hakuna askari wala sheria pale. Kanuni imo dukani. Kadi yetu yenye swali la "nani anaitekeleza kwa mikono yake" ilibaki tupu, na utupu huo ukawa hoja.

Sehemu ya Rue, msichana mdogo wa *The Hunger Games*, imeandikwa kwa tahadhari. Collins amemweleza wazi kuwa ana ngozi na macho ya kahawia iliyokoza, na bado filamu ya 2012 ilipotoka, baadhi ya wasomaji walilalamika mitandaoni kwamba mwigizaji ni mweusi. Kitabu cha Ebony Elizabeth Thomas, *The Dark Fantastic* (2019), kina sura nzima juu yake, na insha yetu inaikiri na kwenda upande mwingine: sentensi ya maelezo ni fupi kiasi gani, na inakuja wapi katika sura, kiasi cha mtu kuiruka.

*The Marrow Thieves* inafunga insha. Wenyeji wa asili wa Kanada wanawindwa ili uboho wa mifupa yao uwarudishie wengine uwezo wa kuota, na wanapelekwa kwenye shule zilizoigwa kutoka shule za bweni zilizokuwapo kweli. Hapa neno "siku zijazo" linatumika kwa shida, na rasimu iliyoliweka katika kila aya imerudishwa.

7 Julai: Nukuu na ruhusa

Ibara ya 10 ya Mkataba wa Berne inaruhusu kunukuu kazi iliyochapishwa kwa kiasi kinachofaa lengo, chanzo kikitajwa. Sheria ya kila nchi inaweka mipaka yake, kwa hiyo mchapishaji aulizwe. Kikomo chetu ni maneno 40 kwa nukuu moja. Kilichozidi kinasimuliwa.

Kilichokataliwa kabisa ni mashairi ya wimbo wa mti wa kunyongea kutoka *Mockingjay*, kitabu cha tatu cha *The Hunger Games*. Yalikuwa yamewekwa yote. Wimbo ni mfupi, hivyo beti moja tayari ni sehemu kubwa ya kazi nzima, tofauti na aya moja ya riwaya. Umebaki mstari mmoja, na mengine yameelezwa. Picha za majalada nazo zimeondolewa, kwani insha haichambui jalada hata moja.

Imebaki duru ya mwisho ya ukaguzi: asiyeandika insha husika anachukua kila nukuu, anafungua sura, anailinganisha na asili na kuweka alama. Insha ya *Divergent* inatangulia, maana majina ya mabakuli yamebadilishana nafasi mara mbili kati ya rasimu.